Sayansi Nyumbani: Jicho la Kioo na Mihogo ya Mweru

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mkulima wa mihogo msemo huu una uzito kuliko anavyodhani, kwa maana adui mkubwa wa shamba lake siku hizi haji kwa kishindo kama nguruwe mwitu, wala haachi nyayo. Huja akiwa ndani ya pingili ya mhogo, hubebwa begani na mkulima mwenyewe, hufukiwa kwa mikono yake na kupaliliwa kwa jasho lake. Shamba hubaki la kijani, jirani wakalisifu, na siku ya kuchimba ndipo mwenye shamba anapojua kwamba alikuwa akilea mgonjwa.

Wataalamu wa sayansi ya mwanga wamekwisha tengeneza vyombo vinavyoweza kuliona jani lililougua kabla jicho la mtu halijaona lolote. Kimoja kati ya vyombo hivyo kimetokana na kitu kilekile kinachoandika tarakimu kwenye saa ya mkononi na kwenye mashine ndogo ya kufanyia hesabu dukani. Inafaa kila nyumba inayokula ugali wa mihogo ijue chombo hicho hufanya nini, kinaweza kusaidia wapi, na wapi hakiwezi kuchukua nafasi ya macho na busara ya mkulima.

BENKI ILIYO CHINI YA UDONGO

Wilaya ya Nchelenge imo katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji ni nchi ya Congo. Msomaji wa pwani atashangaa kusikia kwamba ndani ya ziwa hilo kimo kisiwa kiitwacho Kilwa, na ng'ambo upo mji uitwao Kilwa pia. Upande wa Zambia watu husema Kibemba. Upande wa pili Kiswahili cha Katanga ndicho kinachosikika sokoni. Ugali mmoja una majina mawili: huku huitwa ubwali, kule bukari. Kisamvu nacho huitwa katapa huku, na ng'ambo huitwa sombe. Lakini chakula ni kilekile, na mmea unaokitoa ni uleule.

Watu wa ufuko huo wanajulikana kwa uvuvi. Soko la Kashikishi, lililo jirani na makao makuu ya wilaya, hununua na kuuza samaki, na dagaa wadogo waitwao chisense huanikwa juani na kusafirishwa hadi miji ya machimbo ya shaba. Hata hivyo ziwa halifunguliwi mwaka mzima. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku katika Mweru na Mto Luapula, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo mitatu ndiyo miezi ya mvua, wakati chakula cha ghalani kwa kawaida kimepungua na fedha mfukoni ni chache.

Ni mhogo unaozivusha nyumba nyingi katika kipindi hicho. Mhogo hauhitaji ghala. Unaweza kukaa ardhini miezi 18, miaka miwili au hata zaidi, na mama wa nyumbani akachimba kiasi cha juma moja, akaloweka majini siku kadhaa, akaanika, akatwanga na kuchekecha unga. Mahindi yakivunwa yote kwa pamoja huhitaji kuhifadhiwa yasiliwe na wadudu. Mhogo hujihifadhi wenyewe. Kwa sababu hiyo si kosa kusema kwamba shamba la mihogo ni benki ya wanyonge. Na benki hiyo ndiyo inayoibiwa na mwizi asiyeonekana.

MWIZI MWENYEWE NI NANI?

Mihogo ina maradhi mawili makubwa yaletwayo na virusi. La kwanza ni batobato, ambalo lilielezwa na wataalamu tangu mwaka 1894 katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Batobato halijifichi: majani hujikunja, huwa na mabaka ya manjano na umbo lao huharibika. La pili ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtaalamu H. H. Storey katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, Tanga.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia una hila. Mabaka yake ya manjano hufuata mishipa ya majani, na huonekana zaidi kwenye majani ya chini yaliyokomaa, yale ambayo mkulima huyadhania kuwa yanazeeka tu. Baadhi ya mihogo huonyesha dalili kidogo mno, au haionyeshi kabisa sehemu za juu. Madhara yenyewe yako chini: muhogo hubanwa kama uliofungwa kamba, na ukikatwa hukutwa na madoa makavu ya rangi ya kahawia, magumu kama gome. Nyama hiyo hailiki, haifai kwa unga, wala hata nguruwe hawaipendi. Kwa aina za mihogo zisizohimili, hasara yaweza kufikia asilimia 70 ya mavuno.

Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, pamoja na kandokando ya Ziwa Nyasa. Ilidhaniwa kwamba hauwezi kustawi katika nchi iliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Dhana hiyo ilivunjika mwaka 2004, ulipoonekana kuenea nchini Uganda katika sehemu zilizo juu kuliko hapo. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa umeingia mashariki mwa Congo. Na mwaka 2018 wataalamu walitangaza kuwa wameukuta Zambia kwa mara ya kwanza, katika wilaya za Kaputa na Chienge, kutokana na uchunguzi uliofanywa mashambani mwaka 2017.

Chienge ndiyo wilaya inayopakana na Nchelenge upande wa kaskazini, kwenye ufuko uleule wa Mweru. Barabara ni moja na ziwa ni moja. Inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani, huweza kuupeleka ugonjwa kutoka mmea hadi mmea ulio karibu. Lakini safari ndefu ugonjwa hausafirishwi na inzi. Husafirishwa na watu. Shangazi akimzawadia mpwa wake mzigo wa pingili, au mvuvi akirudi na mbegu nzuri aliyoiona ng'ambo, hakuna anayekagua virusi katika mtumbwi. Ukarimu wenyewe ndio uliogeuzwa kuwa njia ya adui.

JANI HUSEMA NINI?

Ili kufahamu jinsi mwanga unavyoweza kusaidia, ni lazima kwanza kujua mwanga ni nini. Mwanga wa jua unaoonekana mweupe ni mkusanyiko wa rangi nyingi, kama upinde wa mvua unavyoshuhudia. Kila rangi ina urefu wake wa wimbi, ambao wataalamu huupima kwa nanometa, yaani sehemu moja katika sehemu bilioni moja za meta. Jicho la binadamu huona kuanzia kiasi cha nanometa 400, iliko rangi ya urujuani, hadi kiasi cha 700, uliko wekundu wa mwisho. Zaidi ya hapo kuna mwanga mwingine, uitwao infraredi, ambao jicho haliuoni ingawa upo tele juani.

Jani lenye afya lina klorofili, kitu kinachoupa mmea rangi ya kijani. Klorofili hula mwanga wa buluu na mwekundu ili kutengenezea chakula, na huurudisha kiasi mwanga wa kijani. Ndiyo maana jani huonekana kijani. Lakini mwanga wa infraredi jani haliuli. Vyumba vidogo vilivyo ndani ya jani huurudisha kwa wingi sana. Basi kama jicho letu lingeweza kuona infraredi, shamba la mihogo lingeng'ara kama paa jipya la bati.

Kati ya nanometa 680 na 750 kuna mpaka ambapo jani huacha kula mwanga na kuanza kuurudisha kwa ghafula. Mpaka huo ndio unaoangaliwa na wataalamu kwa makini. Mmea ukiugua, klorofili hupungua na vyumba vya ndani ya jani huanza kuharibika. Mpaka nao husogea upande wa mawimbi mafupi na kupoteza ukali wake. Badiliko hilo huweza kuanza wakati jani bado ni la kijani machoni pa mkulima. Jicho letu hupokea rangi kwa aina tatu tu za chembe, na kwa hiyo huchanganya mambo mengi katika kijani kimoja. Chombo kinachozitenganisha rangi kumi, ishirini au mia moja, na kupiga picha ya kila moja peke yake, huona tofauti ambayo jicho limeifunika.

Upigaji picha wa namna hii ndio uitwao upigaji picha wa spektra. Picha si moja. Ni rundo la picha za kitu kilekile, kila moja ikiwa ya rangi yake, zikapangwa kama kurasa za daftari. Katika kila nukta ya jani mtaalamu huweza kupekua kurasa zote na kusoma habari yake.

KUTOKA KAROTI HADI SAA YA MKONONI

Swali ni hili: rangi hizo hutenganishwaje? Njia ya zamani ilikuwa kuweka vioo vya rangi mbalimbali katika gurudumu mbele ya kamera, likazungushwa kioo hadi kioo. Njia hiyo hufanya kazi, lakini gurudumu huchakaa, huongeza uzito, na idadi ya rangi huwa ni ile ya vioo vilivyomo tu.

Dawa ya tatizo hilo ilianzia mahali ambapo hakuna aliyepategemea. Mwaka 1888, mjini Prague, mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer alikuwa akichunguza kitu alichokitoa katika karoti. Alipokipasha moto, aliona kwamba kina viwango viwili vya kuyeyuka. Kwenye nyuzijoto 145 na nusu za sentigredi kiliyeyuka kikawa kiowevu chenye ukungu kama maji ya mchele. Kwenye nyuzijoto 178 na nusu ukungu ukatoweka kikawa safi. Mtaalamu wa Kijerumani Otto Lehmann alikichungulia kwa hadubini akagundua kwamba kile kiowevu chenye ukungu kilimiminika kama mafuta, na hapohapo kiliucheza mwanga kama fuwele, yaani kama chumvi ya mawe au jiwe la kwatzi. Ndipo likaja jina la fuwele za kiowevu.

Siri yake si ngumu kuifahamu. Chembe za maji ya kawaida zimetapakaa ovyo, kama watu sokoni. Chembe za fuwele ngumu zimesimama mahali pake, kama matofali ukutani. Chembe za fuwele za kiowevu ni ndefu kama njiti. Huteleza huku na huku, lakini zote huelekea upande mmoja, kama samaki wanaoogelea kundini. Na kama kundi la samaki linavyogeuka kwa pamoja, njiti hizo nazo hugeuka kwa pamoja zikiguswa na nguvu kidogo ya umeme.

Kwa miaka themanini jambo hilo lilibaki kuwa ajabu ya maabara. Mwaka 1968 wahandisi wa kampuni ya RCA ya Marekani, wakiongozwa na George Heilmeier, walitangaza vioo vya kuonyeshea tarakimu kwa fuwele hizo. Katika miaka ya 1972 na 1973 George Gray wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alitengeneza fuwele zisizoharibika upesi na zinazofanya kazi katika joto la kawaida la chumba. Mwaka huohuo wa 1973 mashine za hesabu na saa za mkononi zenye vioo hivyo ziliingia madukani. Leo hii viko katika simu, runinga na mizani ya dukani.

WALINZI WA MALANGO

Kioo cha saa hutumia fuwele kuzuia mwanga au kuupitisha. Kichujio cha kupigia picha za spektra hutumia fuwele hizohizo kuchagua rangi.

Mwanga hutikisika unaposafiri. Chukua mfano wa kamba ndefu inayotikiswa kupita kati ya fito za ua. Fito zikiwa wima, mtikisiko wa juu na chini utapita, na ule wa kulia na kushoto utazuiwa. Kuna vioo maalumu vinavyofanya kazi hiyo kwa mwanga, huitwa polaroidi. Ukiweka polaroidi mbili, na kati yake ukaweka tabaka la fuwele, tabaka hilo huupinda mtikisiko wa mwanga. Kila rangi hupindwa kwa kiasi chake. Zile zilizopindwa sawasawa hupita kwenye ua wa pili; nyingine hukwama.

Mfaransa Bernard Lyot, mtaalamu wa nyota, ndiye aliyebuni katika miaka ya 1930 namna ya kupanga matabaka hayo mfululizo ili aweze kulichungua jua kwa rangi moja tu. Kila tabaka alilifanya nene mara mbili kuliko lililotangulia. Tabaka la kwanza ni kama mlinzi mpole: huruhusu rangi nyingi. La pili ni kali zaidi na hukataa sehemu ya zilizoruhusiwa na la kwanza. La tatu hukataa nyingine. Hadi mwanga unapofika lango la mwisho, imebaki rangi moja nyembamba iliyokubaliwa na walinzi wote. Lakini walinzi wa Lyot walikuwa wa kwatzi, na kuwabadilishia amri ilikuwa kazi ya taratibu.

Walipowekwa walinzi wa fuwele za kiowevu, kazi ikawa rahisi. Umeme kidogo ukiongezwa au kupunguzwa, njiti hugeuka, na rangi inayokubaliwa hubadilika mara moja, katika muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna gurudumu, hakuna kinachozunguka, hakuna kinachohitaji grisi. Mpiga picha huiamuru kompyuta ilete nanometa 550, kisha 670, kisha 720, na kila mara kamera hupokea picha nzima ya jani kwa rangi hiyo pekee. Kichujio chenyewe hutosha kiganjani.

ANGANI NA SHAMBANI

Wepesi huo ndio uliowavutia watengenezaji wa setilaiti ndogo. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Tohoku na Chuo Kikuu cha Hokkaido vya Japani vilirusha setilaiti ya RISING-2 yenye darubini iliyotiwa kichujio cha fuwele za kiowevu. Baadaye vyuo hivyo vilisaidiana na wataalamu wa Ufilipino kutengeneza Diwata-1, yenye uzito wa kiasi cha kilo 50. Iliachiliwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa mwezi Aprili 2016, ikafanya kazi hadi ilipoungua angani mwezi Aprili 2020. Mwenzake, Diwata-2, ilirushwa mwezi Oktoba 2018. Kazi ya setilaiti hizo ilikuwa kupiga picha za mimea, bahari na uharibifu uletwao na tufani. Mfano huo una funzo kwa Afrika: nchi ya visiwa isiyo tajiri iliwapeleka vijana wake kujifunza, ikapata jicho lake yenyewe angani.

Nchelenge si ngeni kwa picha za angani. Wilaya hiyo ni miongoni mwa zinazoteswa sana na malaria nchini Zambia. Katika miaka iliyofuata 2010 watafiti wa kituo cha magonjwa ya nchi za joto kilichopo Ndola, pamoja na wenzao, walitumia picha za setilaiti kuweka alama za nyumba na kuchagua kaya za kupimwa, kando ya ziwa na bara kwenye vijito, ili kujua mbu wa malaria wa aina mbili, *Anopheles funestus* na *Anopheles gambiae*, wanadhuru wapi zaidi. Aliyekwisha kunufaika na picha ya paa la nyumba yake kutoka angani hatashangaa akiambiwa kwamba jani la mhogo nalo laweza kupigwa picha.

Kwa mihogo yenyewe, kazi imeanza katika maeneo kadhaa. Nchini Uganda wataalamu wa kompyuta wakishirikiana na kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge wamepima mwanga unaorudishwa na majani ya mihogo, wakaonyesha kuwa mmea ulioambukizwa unaweza kutambuliwa kabla dalili hazijaonekana. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, na wenzao walitangaza chombo cha mkononi kinachomulika jani kwa taa za rangi mbalimbali na kutambua ugonjwa wa michirizi ya kahawia mapema. Hicho hakitumii fuwele za kiowevu. Hubadilisha rangi za taa badala ya kubadilisha kichujio. Lengo ni lilelile. Nchini Tanzania nako ipo programu ya simu iitwayo Nuru, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi hata pasipo mtandao. Nuru hutumia kamera ya kawaida ya simu, kwa hiyo huona kile ambacho jicho lingeweza kukiona; msaada wake ni kwamba hulitambulisha jina la ugonjwa kwa mkulima asiye na bwana shamba wa kumwuliza.

MIPAKA YA CHOMBO

Si vyema kukisifu chombo kupita kiasi. Kwanza, polaroidi ya lango la kwanza hupoteza nusu ya mwanga kabla kazi haijaanza, na matabaka yanayofuata hupoteza zaidi. Pili, picha huchukuliwa rangi baada ya rangi. Upepo wa ziwani ukilitikisa jani, ukurasa wa kwanza hautalingana na wa kumi. Tatu, fuwele hizo huathiriwa na joto, na chombo kilichosahihishwa asubuhi chaweza kusema vingine adhuhuri. Nne, vichujio hivi huuzwa kwa maelfu ya dola.

Kuna jambo la tano, ambalo halimo katika fizikia. Jani la mhogo huweza kubadilika kwa sababu nyingine, kama vile ukame, utitiri au udongo uliochoka. Mashine hufundishwa kutofautisha mambo hayo, lakini huweza kukosea. Na hata isipokosea, mama wa Kashikishi akiambiwa kwamba shamba lake la kijani ni gonjwa, na kwamba aling'oe mwezi Novemba, majuma machache kabla ziwa halijafungwa, atakula nini Januari? Mjane mwenye shamba moja hawezi kulipa gharama ya usalama wa wilaya nzima. Mwenye kuleta mashine ya kuona hana budi kuleta pia pingili safi za kupanda badala ya zile zilizong'olewa. Jicho bila mbegu ni habari mbaya tu.

Ndiyo maana mahali ambapo chombo cha namna hii kingefaa kwanza si kila kijiji, bali ni mashamba ya kuzalishia mbegu. Hapo wataalamu ni wachache, mimea imepangwa kwa mistari, na mgonjwa mmoja akitolewa mapema huokoa maelfu ya pingili zitakazogawiwa. Zambia ina mbegu zake zilizotolewa na utafiti, kama vile Bangweulu ya mwaka 1993, na Mweru na Tanganyika za mwaka 2000. Kazi ya kuzichuja mbegu zinazohimili michirizi ya kahawia ni ndefu, lakini si mpya: wataalamu wa Amani waliianza katika miaka ya 1930, na kizazi kimoja cha juhudi zao bado kinalimwa hadi leo, kikiitwa Namikonga Tanzania na Kaleso pwani ya Kenya.

LA KUFANYA LEO

Wakati vyombo vinasubiriwa, mkulima anavyo vipimo ambavyo haviuzwi. Wataalamu wa mihogo hushauri yafuatayo.

Pingili zichaguliwe siku ya kuchimba, si siku ya kupanda. Mama akichimba shina, aukate kila muhogo na kuutazama ndani kabla hajaamua kuitunza miti yake. Shina lililotoa mihogo yenye madoa ya kahawia lisitoe pingili hata moja, hata kama miti yake ni minene na mizuri.

Majani ya chini yatazamwe kabla hayajapukutika. Manjano yanayofuata mishipa si uzee wa kawaida. Gome la shina changa nalo litazamwe, kwani michirizi ya kahawia ndiyo iliyoupa ugonjwa jina lake.

Mmea unaoshukiwa ung'olewe ungali mdogo, na usiachwe kando ya shamba. Shamba jipya lisipandwe ubavuni mwa shamba kuukuu lenye ugonjwa, ili inzi weupe wasipate daraja.

Pale ugonjwa ulipokwisha ingia, mihogo ichimbwe mapema, kabla ya kupita mwaka, kwa sababu madoa huongezeka kadiri inavyokaa ardhini. Ushauri huu ni mgumu kwa watu wa Luapula, ambao akiba yao ni mhogo uliokaa. Mahali hapo akiba ihamishwe kutoka ardhini kwenda kwenye mihogo mikavu, iliyolowekwa, kuanikwa vizuri na kuwekwa mahali pasipo unyevu.

Na la mwisho, zawadi ya pingili isivushwe ziwa wala wilaya bila bwana shamba kuiona. Anayemwonea haya shangazi yake kwa kukataa pingili akumbuke kwamba anaweza kuomba unga badala yake. Unga hauambukizi shamba.

Sayansi ilichukua miaka themanini na mitano kutoka karoti ya Reinitzer hadi tarakimu za saa, na miaka mingine arobaini na mmoja hadi setilaiti ya RISING-2. Haiwezekani mihogo ya Mweru isubiri muda kama huo. Lakini kila kijana wa Nchelenge anayekaa darasani akijifunza upinde wa mvua ni mtu anayeweza kesho kushika chombo hicho kwa mkono wake mwenyewe, akapima jani la shamba la mama yake, na kulisema jina la ugonjwa kwa Kibemba au kwa Kiswahili. Mpaka siku hiyo ifike, kisu kikali na jicho lisilofanya haraka siku ya kuchimba ndivyo vitakavyoilinda benki iliyo chini ya udongo.